Jetoni Lazima Itoe Kitu

Jumatatu, 1 Septemba

Fomu ya sita tangu Pasaka. Nimeanza saa kumi na mbili asubuhi, umeme ukiwapo. Nimeishia saa tano, ulipokatika, katikati ya neno. Neno lenyewe: wanufaika. Kila mfuko wa filamu una safu hiyo. Wanufaika wa moja kwa moja, wanufaika wasio wa moja kwa moja, jinsia, umri. Kunufaika ni kitenzi cha mtu ambaye jambo linamfikia akiwa amekaa. Filamu yangu haina mtu wa namna hiyo. Ina mwanamke anayetembea.

Jambo lenyewe niliweke hapa wazi, kwa kuwa katika fomu halikai wazi. Mama Masika ana miaka sitini na minane. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliuza mkate mlango kwa mlango, upande wa Kibati, kikapu kichwani. Lava ilipoumeza mtaa ule ilimeza nyumba, nyua na mawe ya mipaka. Karatasi za viwanja ziliungua ndani ya makabati. Wenyewe waliporudi walikuta mwamba mweusi, sawa pande zote. Ndipo mtu akakumbuka kwamba yule mama wa mkate alikuwa akihesabu hatua zake, lango hadi lango, kuudanganya uchovu. Akaitwa. Akaanzia kwenye ukuta wa kanisa dogo ambao lava iliusaza, akahesabu, akasimama, akasema: hapa. Walivunja mwamba siku tatu kwa nyundo. Chini yake kulikuwa na kizingiti.

Filamu ni hiyo tu. Hatua za mwanamke mmoja, ambazo zimekuwa ofisi ya ardhi ya mtaa mzima.

Magoti yake yanamshinda. Mwishoni mwa Oktoba anahamia kwa binti yake Butembo, kwa njia ndefu ya kuzunguka nchi za jirani. Akienda harudi. Nina wiki nane. Sina kamera, sina fundi wa sauti wa kulipwa, sina jibu la mfuko wowote.

Alhamisi, 4 Septemba

Jibu la fomu ya tano limekuja. Hapana. Wamesifu "utulivu wa mtazamo" wangu, kisha wakauliza vita iko wapi.

Vita iko wapi! Benki za mji zimefungwa, hivyo hata wakinipa fedha itanibidi nivuke mpaka kuzipokea. Ndege haitui. Mama Masika hawezi kwenda Butembo kwa barabara iliyonyooka. Vita imo katika kila ukurasa wa andiko langu kama chumvi katika mboga ya sombe. Wao wanataka iletwe mezani kwenye sahani yake.

Mchana nimekwenda kwa Mama Masika kumweleza. Alikuwa akichambua maharage. Hakuinua macho.

"Prof, ile filme yako ni mimba gani? Miaka mbili sasa! Ata tembo angekwisha kuzala."

Nimecheka. Nilipotoka nje hasira imerudi palepale nilipokuwa nimeiacha.

Jumatatu, 8 Septemba

Darasani mkono wa kulia umetetemeka nikiandika ubaoni. Wanafunzi wamedhani ninachora mawimbi. Mshahara wa chuo haujalipwa. Sitaandika tangu lini.

Jioni Furaha amekuja na kipimo chake cha presha. Dada yangu ni muuguzi wa miaka ishirini na hana adabu ya kitabibu hata chembe. Amesoma namba, amefungua mkanda. Kisha:

"Kahindo, endelea vile. Kwa filme batu habachange. Kwa sanduku yako batachanga mbio."

Nimemwambia atoke. Hakutoka. Ameniandikia sheria mbili kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza. Moja: hakuna fomu baada ya saa kumi jioni. Mbili: Jumapili hakuna fomu kabisa.

Sheria zake ni sahihi. Ndiyo maana zinaniudhi.

Jumanne, 9 Septemba

Sentensi ya Furaha imekataa kunitoka. Kwa sanduku watachanga mbio. Ni kweli. Katika mji huu tunachangia jeneza, harusi, mgonjwa aliyezuiliwa hospitalini kwa bili, ada ya mtoto wa jirani. Bahasha inapita baada ya misa, kila mtu anatia. Hakuna anayeulizwa idadi ya wanufaika.

Kwa nini basi nipige magoti mbele ya watu wasiojua Kibati ni mlima au ni chakula?

Jumapili, 14 Septemba

Nimevunja sheria ya pili. Lakini si kwa fomu, kwa kadi.

Tumepanga na Bahati. Bahati ndiye mpiga picha wangu: mtu mzima, mwana wa milima ya Masisi, anayeishi kwa kupiga picha za harusi na anayeona aibu kusema hivyo. Kamera yake mwenyewe nimeikataa tangu mwanzo. Inafanya kila ngozi iwe ya bibi harusi. Tunahitaji kukodi nyingine, na betri, na wabebaji wa vifaa juu ya mwamba.

Kadi mia moja. Kila moja ya franga elfu mbili. Anayenunua amechangia filamu, na jina lake litaonekana mwishoni. Nimetaka jambo hili liwe safi: kila kadi ina namba yake, sahihi yangu na muhuri niliouchongesha kwa ajili hiyo. Sitaki mtu aseme kesho kwamba mchango wake ulipotea. Nimekata kadi kwa rula. Zote ziko sawa.

Papa Anselme, chifu wa nyumba kumi kule kwenye lava, amekubali kuzigawa. Ameigeuzageuza moja juani.

"Iko na kashe! Ah, Prof, na kashe hivi, zitaisha mbio."

Kashe ni muhuri. Nimefurahi kama mjinga.

Jumanne, 16 Septemba

Fomu ya saba. Mfuko mkubwa kuliko yote, kutoka mbali kuliko yote. Mwisho wa kupokea ni leo usiku wa manane kwa saa zao. Karatasi ya Furaha iko ukutani mbele yangu. Nimeandika kuanzia saa kumi na moja jioni.

Ukurasa wa pili, sentensi ya tatu. Nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika tena. Nimetuma.

Sitainakili hapa.

Jumamosi, 20 Septemba

Kadi zimekwisha. Mia moja, kwa siku sita! Papa Anselme amenipigia simu kuomba nyingine mia mbili. Anasema watu wanamfuata hadi chooni.

Nimewaza: kumbe watu wetu wana kiu ya sanaa kuliko tunavyowadhania. Nimeandika maneno hayo kwenye karatasi ili niyatumie katika hotuba fulani siku fulani. Bahati amesema, "Hii mbio inanistusha." Nimemwita mtu asiye na imani.

Jumatano, 24 Septemba

Mazungumzo ya video na mfuko mkubwa. Mwanamke mwenye sauti ya upole, rafu ya vitabu nyuma yake. Wamependa. Wanataka kutoa fedha zote, siku ishirini za upigaji picha, kamera, kila kitu. Na malipo yangu mimi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Sharti moja. Filamu ifunguliwe na Kambale.

Sasa ni lazima niandike. Kambale alikuwa mtoto wa mwisho wa Mama Masika. Lava ilipokuwa ikishuka alirudi ndani kuchukua gunia la unga. Mwaka jana mama aliniambia habari hiyo, kinasa sauti kikiwa kimezimwa, mara moja tu, akiwa amenipa mgongo. Alimaliza kwa kusema: "Hiyo ni yangu. Haiko ya filme." Amehesabu hatua hadi viwanja vya majirani wengi. Kuelekea kiwanja chake mwenyewe hajawahi kuhesabu hata hatua moja.

Na mimi, tarehe kumi na sita, nikiwa nimechoka hadi herufi zinaelea, niliandika kwamba anawatafutia wengine nyumba kwa sababu ya mwanawe aliyebaki ndani ya yake. Sentensi nzuri. Sentensi bora kuliko zote katika andiko lile. Ndiyo iliyonipatia kazi.

Yule mwanamke ametaka mama apigwe picha akitembea kuelekea kwake kwa mara ya kwanza. "Asubuhi mapema," amesema, "mwanga ukiwa laini."

Nimejibu kwamba nitafikiri. Nilipaswa kuzima mashine.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo nimeelewa kuhusu kadi.

Nilikwenda kwa Papa Anselme na bahasha ya risiti. Uani kwake walikuwapo watu kama arobaini, wamepanga mstari, kadi zangu mkononi. Baadhi walikuja na magunia matupu. Mmoja alikuwa na jerikani. Nilisalimia. Mama mmoja aliye mbele aliniuliza kwa heshima kubwa:

"Mama Prof, distribution ni leo ao ni kesho?"

Jetoni. Walidhani ni jetoni. Katika mji huu mtoto wa miaka mitano anaijua jetoni: kipande cha karatasi chenye namba, sahihi na muhuri, unachopewa ukiandikishwa, ambacho siku ya ugawaji kinageuka kuwa unga, mafuta, turubai. Kila familia imewahi kuilinda kama hirizi. Nimeishi hapa miaka yangu yote arobaini na sita. Nimefundisha maana ya maneno kwa miaka kumi na mitano. Nikaketi na rula nikakata jetoni mia moja.

Nimemuuliza Papa Anselme aliwaambia nini. Naye ameapa kwamba alisema ukweli mtupu.

"Niliwaambia ni ya filme! Wakasema sawa, sawa, tunajua, kila projet inakuyaka na kamera kwanza."

Wana hoja. Kila mara kamera imetangulia, na unga umefuata. Mimi nimekuja na kamera na muhuri, kisha najidai kushangaa.

Na si hayo tu. Kadi zimelanguliwa. Ya elfu mbili inauzwa elfu tano sokoni.

Nina hasira na mji mzima uliofundishwa kusubiri kwenye mstari, na walioufundisha, na muhuri wangu. Zaidi ya yote na lile neno langu la Jumamosi. Kiu ya sanaa!

Jumamosi, 27 Septemba

Nimevunja kikombe. Makusudi.

Jumatatu, 29 Septemba

Jana nilianguka sakristia baada ya misa. Si vibaya. Nilikuwa nimesimama, kisha nikawa chini, na paroko akinipepea kwa kitabu cha nyimbo.

Nimelala nyumbani kwa Furaha muda wa saa kumi na nne. Nilipoamka alikuwa ameketi kitandani na simu yangu mkononi. Alikuwa amesoma barua ya mfuko mkubwa. Nywila yangu ni neno letu la siri tangu tukiwa wasichana. Nilitaka kugomba. Amenitangulia.

"Mama Masika anajua?"

Nimesema hapana.

"Basi presha yako siyo ya kazi. Kazi haiko inapandisha vile."

Nimemchukia dakika kumi nzima. Kisha nimekula uji.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimekwenda kumwambia Mama Masika. Nimemwambia yote kwa mpangilio: fomu, uchovu, sentensi, sharti, siku ishirini. Niliandaa maneno nikiwa njiani kana kwamba ninatetea tasnifu. Uchovu niliutaja mapema, uwe ushahidi upande wangu. Amenisikiliza hadi mwisho akiwa amekunja mikono. Ameuliza swali moja.

"Kambale ulimuuza ngapi?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa na tarakimu.

Amesema nimejifunza vitabu vyote isipokuwa kufunga kinywa. Amesema hata wale waliopora madirisha ya majirani waliingia usiku na aibu yao, mimi niliingia mchana na kalamu. Amesema niondoke, na nisikanyage maharage yaliyoanikwa.

Nimeondoka. Nimeyaruka maharage.

Hakuna hasira leo. Kuna kitu kigumu zaidi, na sina neno lake. Mimi!

Ijumaa, 3 Oktoba

Barua kwa mfuko mkubwa. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu: ukoloni wa macho, soko la machozi, mwanga laini. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilikuwa la kunitakasa mimi. Nimeichana.

Iliyotumwa ni hii: "Ninaliondoa ombi langu. Sentensi ya tatu ya ukurasa wa pili haikuwa mali yangu."

Saa tisa mchana. Kabla ya saa kumi. Furaha angeridhika.

Kwa hiyo sasa: sina mfuko, sina kamera, sina Mama Masika. Nina franga laki mbili ambazo ni za watu waliodanganyika, na wiki tatu.

Jumapili, 5 Oktoba

Mkutano kwenye ukuta wa kanisa dogo, baada ya misa. Nimeuitisha mwenyewe. Nimesimama juu ya mwamba na bahasha ya fedha, Bahati pembeni na orodha. Nimesema kwa sauti, kwa maneno ya hapa, bila kupindapinda: hii siyo jetoni. Hakuna unga. Hakuna mafuta. Ni kosa yangu. Kila mutu akuye na kadi arudishiwe franga yake.

Kelele. Nimezistahili.

"Turubai je?"

"Prof, weye njo ulikula unga yetu?"

"Aache uongo, batu ya projet banasemaka vile, halafu bintu binagawiwa kwa ndugu yao!"

Mama mmoja mnene, wa familia za Masisi, amepenya hadi mbele akiwa na kadi mbili.

"Niliuza kuku juu ya hizi. Kuku ya kutaga! Sasa filme yako inataga mayai?"

Watu wamecheka, na kicheko kile kimeniokoa na mawe, nadhani. Nimeanza kurudisha. Walionunua kwa walanguzi walitaka elfu tano zao. Nilikuwa na elfu mbili tu za kuwapa. Papa Anselme ametokwa jasho, akaahidi mbele ya watu kuwatafuta walanguzi mmoja mmoja, kwa kuwa wawili kati yao ni shemeji zake.

Hapo ndipo Mama Masika ametokea. Amekuja na fimbo, polepole, watu wakimpisha. Hajanitazama. Hakunitazama hata mara moja leo. Amechukua kadi moja mkononi mwa yule mama wa kuku, ameileta karibu na macho, amegusa muhuri kwa kidole gumba.

"Jetoni ni jetoni," amesema. "Iko na kashe. Jetoni lazima itoe kitu."

"Haina kitu, mama," yule mama amesema. "Prof amesema."

"Prof anasemaka mingi. Parseli yako iko wapi?"

"Iko chini ya volkano. Nyuma ya ile ya Papa Anselme. Lakini limite siijui tena, na jirani ananikulia."

"Basi. Mwenye kutaka franga, akamate franga. Mwenye kutaka limite yake, abakie na jetoni. Nitamupimia mbele niende Butembo. Na ule kijana wa mandoa apige picha, ili jirani asikuye kusema alikuwa analala."

Kijana wa mandoa ni Bahati, mwenye miaka thelathini na sita na upara. Mandoa ni harusi; parseli ni kiwanja, limite ni mpaka wake. Ameinamisha kichwa kama aliyepewa baraka.

Kadi sitini na saba zimerudishiwa fedha. Thelathini na mmoja wamebaki na kadi, na kadi moja haikuletwa na mtu. Mama wa kuku amebaki na zote mbili, moja kwa kila upande wa kiwanja, asije akapunjwa.

Nilimfuata Mama Masika kumshukuru. Alikuwa amekwisha geuka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepiga hesabu kwa utulivu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Pasaka. Nilichokuwa nikikiita filamu kilikuwa na siku ishirini, kamera ya kukodi, watu tisa. Kinachohitajika ni magoti ya mama, ukuta wa kanisa, mtu mmoja wa kupiga picha, mwingine wa kushika maikrofoni. Franga elfu sitini na sita zinatosha betri na chai. Viwanja vitatu kwa siku, asubuhi tu, kwa ajili ya magoti. Jumapili hakuna. Si kwa ajili ya magoti.

Kamera itakuwa ile ya harusi. Nimemwambia Bahati. Ameuliza kama nina homa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya kwanza. Saa moja asubuhi. Mvua ya usiku imeufanya mwamba ung'ae kama mgongo wa samaki. Mama anaweka kisigino ukutani, anasimama wima, anaanza. Anahesabu kwa Kinande hadi kumi, kisha kwa Kifaransa. Kila mia moja anahamisha punje ya haragwe kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Mama wa kuku nyuma yake, na jirani mwenye ugomvi nyuma ya mama wa kuku, wote wakihema.

Aliposema "hapa," jirani amebisha. Mama hakubishana. Amerudi hadi ukutani, akaanza upya. Amefika palepale, kokoto aliyoiacha ilikuwa kati ya vidole vya mguu wake. Jirani ameondoa kofia.

Picha zina rangi ya keki. Ngozi ya mama inang'aa kama ya bibi harusi. Nilitaka kukasirika. Kisha nimejiuliza ni nani aliyeamua kwamba mwanamke wa miaka sitini na minane juu ya lava hapaswi kung'aa.

Ananisemesha kwa lazima tu. "Sogea." "Kivuli yako." Ni haki yake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Goti la kushoto limevimba. Viwanja kumi na viwili hadi sasa. Bahati ameshauri tuongeze jioni ili tumalize. Kalenda inamuunga mkono. Nimekataa. Nimesikia sauti yangu ikikataa, na ilikuwa sauti ya Furaha.

Barua pepe kutoka mfuko mkubwa. Mada yake: "Tunaelewa. Je, tunaweza kuzungumza tena?" Sijaifungua. Nitaifungua Jumatatu, ndani ya saa za kazi. Haiwezi kuoza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeifungua. Kwa upole uleule wanapendekeza Kambale asionekane, "atajwe tu." Nimejibu kwa neno moja. Kisha nimekwenda kazini.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ameondoka leo, siku chache mapema kuliko tulivyotegemea. Gari la kuvuka mpaka lilipata nafasi. Viwanja ishirini vimepimwa. Kumi na kimoja bado; wenyewe wameniachia kadi zao, mama akiwa ameandika nyuma ya kila moja idadi ya hatua kutoka ukutani.

Amefungasha vitu viwili na kikapu cha zamani cha mkate. Nilisimama pembeni, sikuwa na hakika kama ninatakiwa. Dereva alipowasha gari mama amenipungia mkono nisogee. Ametoa kadi yangu kwenye nguo. Namba nne. Alikuwa ameinunua wiki ile ya kwanza, kabla ya kila kitu, kwa elfu mbili zake, naye ndiye pekee aliyejua ni ya filamu.

"Hii utaipima weye. Bila kamera. Bila kusema kwa mutu."

Nimeitikia kwa kichwa.

"Na usinihesabie vibaya, Prof. Weye unapendaka kuongeza."

Gari limeondoka. Nimeigeuza kadi. Nyuma yake kuna tarakimu tatu kwa kalamu ya risasi, na chini yake neno moja: ukuta.

Jumatatu, 27 Oktoba

Asubuhi tumekaa na Bahati kusikiliza sauti. Kasoro moja imo katika kila picha. Chini ya sauti ya mama, nyuma kidogo, kuna sauti nyingine inayohesabu. Kwa Kifaransa, kwa kunong'ona, bila kukosea. Ni yangu. Sikujua kwamba nilikuwa nikihesabu. Bahati ameuliza kama aitoe. Kwa mashine yake inawezekana.

Nimemwambia aiache.

Mkono hautetemeki. Nimelala vizuri siku nne mfululizo. Karatasi ya Furaha bado iko ukutani. Pembe moja imebanduka, nimeibandika.

Mchana nimetoa rula na chaki. Uani nimetembea hatua kumi, nimepima, nimegawa. Kisha nimetafuta katika picha mahali ambapo mama anapita kati ya ncha mbili za ukuta wa kanisa, ukuta ambao urefu wake ninaujua, nimehesabu, nimegawa tena. Hatua yangu ni fupi kuliko yake kwa upana wa vidole vitatu. Katika hatua mia moja, tofauti hiyo ni mita tano na zaidi, yaani chumba kizima.

Kadi kumi na mbili ziko mezani. Kesho nitajifunza kutembea kwa hatua zake, huko huko ukutani, kwenda na kurudi, hadi vile vidole vitatu vipatikane. Nitaanza na kumi na moja za watu.

Saa kumi. Ninafunga.